Chonge halisogei na miezi 18 imepita: je, ninunue braketi mpya?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni daktari wa meno, nina miaka 7 kazini, na kwa miaka 4 sasa nafunga vyuma vya kunyoosha meno baada ya kusoma kozi fupi. Nina wagonjwa kama 80 wenye vyuma. Wengi niliwaahidi miezi 18, lakini 20 kati yao wamepita miezi 30 na bado hawajamaliza, na wazazi wameanza kunijia juu. Nimeongeza nguvu ya minyororo ya raba, nimewaita kila baada ya wiki 3, wapi. Nakutumia picha za binti wa miaka 14. Tulimng'oa magego madogo manne ya kwanza, na huu ni mwezi wa 9 navuta chonge la juu kushoto. Limesogea milimita 2 tu. Wauzaji wananishawishi ninunue braketi (vile vipande vinavyobandikwa kwenye jino kushika waya) zinazojifunga zenyewe bila raba, wanasema zinapunguza muda. Ninunue?

Jibu: Marahaba, daktari. Usinunue, angalau si kwa sababu hiyo. Majaribio yaliyolinganisha braketi zinazojifunga zenyewe na zile za kawaida hayakuonyesha kwamba matibabu yanaisha mapema. Kinachopungua ni dakika chache za kutoa na kurudisha waya mgonjwa akiwa kitini. Ukizipenda kwa hilo, ni haki yako. Lakini binti huyu hatapona kwa braketi mpya.

Nimeziangalia picha zake kwa muda mrefu, na ninachotaka kukueleza ni hiki: jino huwezi kuliharakisha, ila unaweza kuacha kulichelewesha. Karibu yote uliyofanya katika miezi hii 9 ulikuwa unalichelewesha, na ulifanya kwa nia njema kabisa.

Anza na picha ya upande wa kushoto. Waya ni mwembamba, wa mviringo, nadhani wa inchi 0.016 wa nikeli-titani. Utazame pale unapoingia na kutoka kwenye braketi ya chonge: umepinda kama upinde. Taji la chonge limelala kuelekea nyuma, lakini uvimbe wa mzizi wake kwenye ufizi bado uko palepale ulipokuwa siku ya kwanza. Maana yake chonge hujalisogeza, umelilaza. Waya laini hauna ubavu wa kulizuia jino lisilale, na jino likishalala, kingo za braketi zinauma waya na kila kitu kinakwama. Hapo hata ukivuta kwa kamba ya meli, mvuto unaishia kwenye msuguano.

Sasa pima pengo. Kwenye kipimo chako cha mwanzo lilikuwa milimita 7. Leo limebaki 3. Chonge limekuja 2. Hizo 2 nyingine zimekwenda wapi? Gego kubwa limetembea kuja mbele. Nafasi ile mlimng'olea meno ili meno ya mbele yarudi nyuma, na sasa sehemu yake imeliwa na magego.

Hapa ndipo nguvu ulizoongeza zilipokuumiza, na napenda tuelewane vizuri kwa sababu nusu ya kazi yetu imejificha hapa. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna utando wa nyuzi wenye unene wa karibu robo milimita, umejaa mishipa midogo ya damu. Ukilisukuma jino kwa upole, damu inapungua bila kukatika. Seli zinazokula mfupa zinakusanyika palepale, mfupa ulio mbele ya mzizi unaliwa, ulio nyuma unajengwa, jino linasogea. Ukilisukuma kwa nguvu, mishipa inabanwa hadi damu inakatika, na kipande hicho cha utando kinakufa. Seli za kula mfupa haziwezi kufanya kazi mahali palipokufa, kwa hiyo zinalazimika kutokea ndani ya mfupa na kuchimba kutoka upande wa pili. Mtafiti Carl Sandstedt aliliona jambo hili kwa mbwa na kulieleza tangu 1904. Kwa wiki moja au mbili, wakati mwingine zaidi, jino linasimama tuli likisubiri mchimbo ufike. Wewe unamwita binti baada ya wiki 3, pengine ndiyo kwanza njia imefunguka, unamfunga mnyororo mpya wenye nguvu, unaiua tena.

Kisha fikiria upande wa nanga, yaani meno ya nyuma unayoyategemea kulivuta chonge. Chonge moja lina mzizi mmoja. Nyuma yake kuna gego dogo la pili na gego kubwa lenye mizizi mitatu. Nguvu ileile inayovuta chonge kurudi nyuma inavuta magego kuja mbele, lakini kwa magego inagawanyika juu ya eneo kubwa zaidi la mizizi. Ukiweka nguvu ndogo, chonge linapata kiasi chake na magego hayapati ya kutosha kuyatingisha. Ukiiongeza, chonge linalemewa na kusimama, wakati magego ndiyo kwanza yanapata kiasi kinachoyafaa. Kwa hiyo kila ulipoongeza mnyororo, uliyasaidia magego.

Kiasi chenyewe kinajulikana. Kulilaza jino kunataka gramu 35 hadi 60. Kulisogeza likiwa wima, mzizi na taji pamoja, kunataka kama 70 hadi 120. Kulididimiza kunataka 10 hadi 20 tu. Mnyororo mpya wa raba uliovutwa sana unaweza kutoa gramu 300 na zaidi siku ya kwanza, kisha kufika kesho yake umepoteza kama nusu ya nguvu zake kwa joto na mate. Springi ya nikeli-titani ni tulivu zaidi, inavuta karibu sawasawa kwa wiki nyingi. Kama una fedha za kununua kitu kimoja mwezi huu, nunua kile kipimo kidogo cha nguvu chenye umbo la kalamu. Vuta mnyororo wako nacho mara moja tu na utaona.

Kuna jambo la tatu kwenye picha hizo, na sidhani uliliona. Anapouma meno, ya juu mbele yanayafunika ya chini kabisa. Kwenye braketi ya chonge la chini, upande wa juu, pana mkwaruzo unaong'aa. Chonge la juu linagonga hapo kila anapotafuna. Umelitaka jino lirudi nyuma huku mlango umefungwa. Mpe karatasi ya rangi aume, utaona alama palepale.

Mpango wangu kwa binti huyu ni huu. Toa mnyororo, usivute kitu kwa miadi mbili. Weka vituta viwili vya gundi nyuma ya meno ya mbele ya juu ili taya zisifunge kabisa na ile braketi ya chini iwe huru. Rudi kwenye waya laini, uache chonge lisimame, kisha panda taratibu hadi waya wa chuma cha pua usiopungua inchi 0.018. Ukiuweka, usianze kuvuta siku hiyohiyo. Mwache mwezi mzima hadi waya uweze kuteleza kwa vidole bila ubishi. Gego dogo la pili lifunge pamoja na gego kubwa. Kwa kuwa milimita 2 zimeshapotea na huna za kupoteza tena, ningeweka skrubu ndogo ya mfupa kati ya mizizi ya meno hayo mawili, baada ya kupiga eksirei uone nafasi ipo, na gego likafungwe kwenye skrubu hiyo. Ndipo uvute kwa springi, gramu 100 hadi 150, maana sehemu yake italiwa na msuguano. Likianza kutembea vizuri utapata kama milimita moja kwa mwezi. Usitake zaidi.

Likigoma kwa miezi 3 baada ya hayo yote, ndipo ushuku jino limeshikana na mfupa. Ligonge polepole kwa mpini wa kioo na usikilize: jino lililoshikana linatoa mlio mkavu wa chuma kuliko jirani zake, na halitikisiki hata kidogo. Lakini sidhani. Jino lililolala milimita 2 si jino lililoshikana.

Nakusihi kuhusu nguvu kwa sababu nililipia somo hilo kwa meno ya mtu mwingine. Miaka yangu ya mwanzo nilimvuta kijana mmoja meno ya mbele kwa minyororo mikali, mwezi baada ya mwezi, nikifurahi kuona pengo linafunga. Nilipopiga eksirei ya mwisho, mizizi ya meno manne ya juu ilikuwa imepungua karibu theluthi. Meno yake yalikuwa yamenyooka kama ushanga, na mimi sikulala. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa wangu anayepita mwezi wa 6 hadi wa 9 bila eksirei ya mizizi ya mbele. Ikionyesha ncha zimeanza kuwa butu, nasimamisha mvuto miezi 3 kisha naendelea kwa nguvu ndogo. Fanya hivyo na kwa wale 20 waliochelewa, kwa sababu muda mrefu wenyewe ni hatari kwa mizizi.

Tuje kwenye braketi zinazobanduka. Hukuuliza, lakini katika picha tano ulizotuma nimehesabu tatu zilizobandikwa upya, najua kwa gundi iliyozagaa pembeni. Braketi iliyobanduka si kazi ya dakika 10. Kama mgonjwa ameshafika kwenye waya mnene wa pembe nne, kuirudisha mahali pake kunakulazimu ushuke hadi waya mwembamba, kisha upande tena. Hizo ni wiki 6 hadi 12. Mgonjwa aliyebandua nne kwa nyakati nne tofauti amekula miezi 6 na hakuna aliyeiandika popote.

Chanzo chake mara nyingi ni sekunde chache siku ya kubandika. Tangu daktari wa meno Michael Buonocore alipoonyesha mwaka 1955 kwamba asidi ya fosforiki inaifanya enameli, lile gamba gumu la nje la jino, ishike gundi, kanuni haijabadilika: jino safi, asidi, maji, ukavu. Sugua ukoga kwanza. Weka asidi ya asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30, ioshe vizuri, kisha kausha hadi uso wa jino uwe mweupe mkavu kama chaki. Usipouona weupe huo, usibandike. Na ukishauona, jino lisiguswe na kitu: wala ulimi, wala pamba iliyolowa, wala pumzi ya mgonjwa. Kwenye magego ya chini mate yanapanda taratibu kutoka shavuni. Msaidizi akigeuka kuchukua braketi ile filamu nyembamba inakuwa imeshafika, na kwa macho huioni. Mate yakigusa, rudia asidi. Usifute ukaendelea. Tulipoanza kubandika nusu ya mdomo kwa wakati, braketi zote zikiwa zimepangwa kwenye trei kabla ya asidi kugusa jino, braketi zinazobanduka zilipungua sana kwetu.

Na mahali unapoiweka. Zamani daktari alipinda waya kwa koleo kwa kila jino. Daktari wa kunyoosha meno Lawrence Andrews alipochunguza vielelezo 120 vya meno mazuri yasiyowahi kutibiwa, akaandika mwaka 1972 juu ya sifa 6 alizozikuta, kisha akazijenga ndani ya braketi yenyewe: mwinamo, unene, mzunguko wa mzizi. Ndizo braketi unazotumia leo. Kwa hiyo ile kazi ya koleo imehamia kwenye jicho lako siku ya kubandika. Ukiweka nusu milimita juu zaidi, waya mnyoofu utalipeleka jino nusu milimita chini zaidi, kwa uaminifu kabisa, na utakuja kuligundua mwezi wa 20. Mimi napiga eksirei ya taya zima meno yakishanyooka, karibu mwezi wa 6, na siku hiyohiyo nabandua kwa makusudi braketi zote zilizokaa vibaya na kuziweka upya kwa pamoja. Inaonekana kama kurudi nyuma, ila ndiyo miadi inayookoa muda kuliko zote.

Sasa ile ahadi ya miezi 18. Hebu tuihesabu. Kunyoosha na kusawazisha, miezi 6. Chonge la milimita 7 likienda vizuri, miezi 7. Kurudisha meno manne ya mbele, 4 hadi 6. Kumalizia, mingine 4. Tayari umepita 20 na hakuna miadi iliyokosekana wala braketi iliyobanduka. Kwa mgonjwa aliyeng'olewa meno, mimi nasema miaka 2 hadi 2 na nusu, na naiandika. Kwa meno yaliyobanana kidogo bila kung'oa, miezi 12 hadi 18 ni kauli ya haki. Wazazi wako hawajakasirishwa na miezi 30, wamekasirishwa na 18.

Kuhusu kliniki yenyewe, acha kuwaita kila wiki 3. Wiki 6 zinatosha, na kwenye waya laini za nikeli-titani hata 8, kwa kuwa waya unaendelea kufanya kazi bila wewe. Wagonjwa 80 kila wiki 3 ndiyo wanaokujazia siku hadi unakimbia, na ukikimbia unabadilisha raba tu na kusema "rudi tena". Miadi mirefu ya kubandika na kubandua weka asubuhi. Jioni watoto wanapotoka shule weka ile mifupi. Acha nafasi mbili wazi kila siku kwa walioharibikiwa, ili tengenezo lisimeze kazi iliyopangwa. Na mgonjwa akija na braketi iliyobanduka, usiitengeneze tu ukamruhusu: fanya na kazi ya siku hiyo ikiwezekana.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni cha karatasi. Juu ya jalada la kila faili tunaandika kwa wino mwekundu mwezi na mwaka wa kutoa vyuma. Mgonjwa anaweza kuusoma, na mzazi pia. Kila miadi naandika sentensi mbili: nilichofanya leo, na nitakachofanya ijayo. Ukishindwa kuandika hiyo ya pili, ujue matibabu yamesimama hata kama waya umebadilishwa. Mwisho wa mwezi msaidizi ananiletea mafaili yote yaliyopita tarehe ya jalada, nakaa nayo bila mgonjwa kitini, na kila moja nalitolea uamuzi.

Malipo nayo yana mkono wake katika ucheleweshaji. Ukitoza kila mwezi hadi vyuma vitoke, mzazi ataanza kuamini unachelewesha ili ulipwe, na huna la kumjibu. Malipo yakiisha mwezi wa 12 wakati matibabu yana mwaka mwingine mbele, familia nyingine zinalegea. Weka bei moja ya matibabu yote, ivunjwe kwa awamu zinazoisha miezi michache kabla ya tarehe ya jalada, na riteina, kile kifaa cha kuzuia meno yasirudi vyuma vikishatoka, ziwe ndani ya bei hiyo. Riteina ikilipiwa kando, wengi hawaichukui. Utafiti wa muda mrefu wa Robert Little na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington ulionyesha kwamba miaka 10 baada ya kuacha riteina, karibu theluthi mbili ya wagonjwa meno yao ya chini ya mbele yalikuwa yamebanana tena. Sitaki mtu apite miezi 30 ya vyuma kisha apoteze kwa kukosa kitu kidogo namna hiyo.

Nimalizie kwa wale 20. Waite mmoja mmoja, na kabla hujaangalia jinsi meno yalivyonyooka, angalia fizi na shingo ya kila jino kuzunguka braketi. Madoa meupe ya chaki yanaweza kuanza ndani ya wiki 4 tu ukoga ukiachwa. Ukiyakuta mengi na mgonjwa hapigi mswaki, zungumza na mzazi juu ya kutoa vyuma sasa hivi, hata kama kazi haijakamilika. Jino lililopinda kidogo na lenye afya ni bora kuliko lililonyooka likaoza. Nakadiria wachache wao watakuwa wa namna hii. Wengine watakuwa wamebakiza jambo dogo la kumalizia ambalo umekuwa ukiliahirisha. Waandikie tarehe na ulimalize. Watakaobaki, kama huyu binti, wanataka mpango mpya.

Kwa mama yake usianze na habari za waya. Mwonyeshe kipimo cha siku ya kwanza na cha leo, mweleze kwamba gego limekuja mbele na lilipaswa kubaki nyuma, kwamba kosa hilo ni la mpango wako na si la binti yake, kwamba kuna njia ya kulirekebisha na itachukua kama mwaka mmoja na nusu tangu leo, na kwamba hatalipia skrubu. Kisha chukua kalamu nyekundu uandike mwezi huo kwenye jalada mbele yake. Nitumie picha za upande wa kushoto baada ya miadi mbili, akiwa ameuma na akiwa amefungua mdomo, pamoja na eksirei ya mizizi ya mbele.